32, 64, 128 ama 512? Memori ya grafiki kwa mashine ya zamani, uweke ngapi

"Ami, niweke 512 ama niiache?"

Hiyo ni saa nne usiku, kijana wa kaka yangu yuko Kisauni amenipigia video koli, simu kaielekeza kwa skrini ya BIOS, ile menyu ya setingi za mashine kabla Windows haijawaka, na kidole kimoja kiko juu ya Enter. Nkamwambia toa mkono hapo kwanza, halafu nambie mashine ina RAM ngapi. Giga 4. Kipande kimoja ama viwili? Hajui. Prosesa gani? i5-2400. Basi mazungumzo yakaanza hapo na nkaona bora niyaandike yote, maana hili swali naulizwa sana na majibu watu wanayopewa huko nje ni yale ya "weka kubwa kabisa bana, grafiki itapanda", na hiyo si kweli, ama ni kweli kidogo sana kwa watu wachache sana.

Mashine ninazozisema ni zile za ofisi za ex-UK, HP, Dell, Lenovo, i3 na i5 za kizazi cha pili mpaka cha nne, yaani za kuanzia 2011 mpaka 2013 hivi, zile zimejaa maduka ya town hapa Mombasa kutoka Digo Road mpaka Mwembe Tayari. Nyingi hazina kadi ya grafiki. Grafiki iko ndani ya prosesa na haina memori yake mwenyewe, inakula kwa RAM ya mashine.

Nieleze kwa chakula ndo tutaelewana haraka. RAM yako ni sinia moja la pilau. Windows inakula hapo, Chrome inakula hapo na yeye ndo mlafi wa nyumba, na grafiki nayo inakula hapo hapo. Ile namba ya BIOS, ambayo ni megabaiti (MB), ni sahani umemtengea mgeni, yaani grafiki, ukaifunika kawa: hakuna mwengine anayeruhusiwa kuigusa, hata mgeni asipokuja, hata nyumba nzima ishinde na njaa. Lakini mgeni akimaliza sahani yake na bado ana njaa anasogea kwa sinia na anaongezewa. Hiyo ya kuongezewa ndo Intel wameiita DVMT, draiva, ile programu inayoendesha grafiki, inakopa RAM gemu ikihitaji na gemu ikifungwa inarudisha. Kwa hivyo sahani ndogo haimaanishi mgeni atalala njaa, na hapo ndo watu wengi wanapotea.

BIOS nyengine zina mistari miwili, usiichanganye. Ule wa "DVMT Pre-Allocated" ndo sahani yenyewe, una 32, 64, 128 na kuendelea. Ule wa "DVMT Total Gfx Mem" ni kikomo cha kukopa, una 128, 256 na MAX, huo weka MAX uendelee na maisha yako kwa sababu haukati kitu, unasema tu mwisho wa kukopa ni wapi. Nyengine zina mstari mmoja umeandikwa "Video Memory Size" ama kitu kama hicho, na kuna mashine za ofisi hazina hiyo menyu kabisa, ukitafuta usiku kucha hutaiona, zinajipangia zenyewe. Ukikosa usidhani umeuziwa mbovu. Kuingia BIOS kwa HP ni F10, Dell F2, Lenovo F1, bonyeza mara mara tu baada ya kuwasha.

Haya tuanze kulinganisha, na tuanze na 32 kwa sababu ndo inadharauliwa zaidi.

Chukua kalamu. Skrini ya 1920 kwa 1080, kila nukta inachukua baiti 4, zidisha utapata 8,294,400, yaani kama MB 8. Hiyo ndo picha nzima iliyo mbele yako. Zile skrini za 1366 kwa 768 ambazo wengi tunazo ni kama MB 4 peke yake. Kwa hivyo ukiweka 32 na kazi yako ni Word, M-Pesa statement, eCitizen, kuprinti na YouTube, sahani inatosha picha na inabaki, na kikizidi kitu draiva inakopa. Nshawahi kuacha mashine ya dukani kwa 32 mwaka mzima na hakuna aliyejua. Kasoro yake ni moja, kuna gemu za zamani na programu nyengine zikiwaka zinauliza "memori ya grafiki ni ngapi" na zinasoma ile iliyotengwa peke yake, zikiona 32 zinakataa hata kufunguka. GTA San Andreas kwa mfano, ya 2005, wenyewe waliandika kadi iwe na angalau MB 64 na wakapendekeza 128.

Ndo maana mimi kwa mashine ya giga 4 naweka 64, na kama kuna mtoto wa gemu nyumbani naweka 128. Tofauti ya 64 na 128 ni MB 64 tu, hiyo hata Chrome haitalia. Kati ya hizo mbili sitakugombeza, chagua.

256 sina mengi ya kusema juu yake. Si mbaya si nzuri, kwa giga 4 naona ni hasara ndogo bila sababu, kwa giga 8 hutaisikia.

Sasa 512, na hapa nataka tukae kidogo.

Kuna mama ana saiba Likoni, si mbali na feri, mashine nne, kazi zake ni zile za KRA, fomu za shule, kuprinti, na skani za vitambulisho. Akanambia mashine moja imekuwa nzito ghafla, ukifungua kurasa tano inaganda, taa ya hard disk inawaka tu haizimi, wateja wananung'unika na wengine wanaondoka na karatasi zao. Yeye alishaambiwa na mtu ni virusi. Nimekuja nimekaa, nkabonyeza kulia kwa This PC nkaangalia Properties, nkaona imeandikwa 4.00 GB halafu pembeni "usable" 3.4 na kitu. Zile tatu nyengine zinasoma 3.8 na kitu. Nkamuuliza, mama, nani alicheza na hii mashine? Kijana wake akaangalia pembeni. Kumbe aliweka 512 wikendi apate kucheza mpira, gemu ikaenda vile vile ilivyokuwa, na yeye akaiacha hivyo hivyo.

Tuseme Windows 10 ikishawaka inakula giga 1.5 mpaka 2 kabla hujafungua chochote, ukitoa nusu giga ya grafiki kwa 4 unabaki na kama giga moja na nusu ya kufanyia kazi. Chrome ikijaza hiyo, Windows inaanza kusukuma vitu kwa hard disk, na hard disk ya zamani ni pole kama feri ya mchana wa sikukuu. Ule uzito mama aliousikia ni huo, wala si virusi. Nkarudisha 64, dakika tatu, nkalipwa chai na mahamri na mbaazi, na kijana akapewa maneno yake kando, mimi sikusikiliza.

Na kama bado uko kwa Windows ya 32-bit, hiyo haioni hata giga 4 yote, inaona 3 na kitu, sasa ukate na nusu tena? Hapo ni 32 ama 64 na usijaribu zaidi.

Utaniuliza, kwani 512 haisaidii gemu hata kidogo? Sikiliza. i5-2400 ina grafiki ya HD 2000, ndani yake kuna yuniti 6 za kuchora. Sita. HD 2500 ya i5-3470 nazo ni sita pia, ila inaelewa DirectX 11, ile lugha ambayo gemu za Windows zinaongea na grafiki, wakati HD 2000 inaishia 10.1, ndo maana kuna gemu zinawaka kwa moja na kwa nyengine hazitaki kabisa, na hapo hakuna namba ya BIOS itakayokusaidia. HD 4600 ya kizazi cha nne ina 20, hiyo angalau unaweza kuizungumzia. Ukimpa fundi wa yuniti sita memori ya 64 ama ya 512, bado ni mikono sita inayochora. Memori ni nafasi ya kuweka picha, haiongezi mikono. Gemu ikiwa inakimbia kwa kusitasita na 128 itasitasita na 512, nimejaribu, nimejaribu tena, nimewaonyesha watu mbele ya macho yao, na bado kesho yake mtu ananiuliza.

Halafu kuna ule ujanja wa rejistri, lile daftari la setingi la Windows, unaunda ufunguo wa GMM unaweka "DedicatedSegmentSize" 512. Usinilaumu nikicheka. Ile haikati memori yoyote, inabadilisha tu namba ambayo Windows inaiambia gemu. Ni kama kuandika "VIP" kwa matatu. Ila kusema haki ina kazi moja halali, kama gemu inakataa kufunguka kwa sababu imesoma namba ndogo na BIOS yako haina menyu, hapo ujanja huo unaweza kuifungulia mlango. Kasi usitarajie.

Kujua mashine yako imetenga ngapi na inaweza kukopa ngapi, kwa Windows 10 ingia Settings, Display, Advanced display, halafu "Display adapter properties". Utaona "Dedicated" ile ndogo, "Shared" ile ya kukopa, na "Total Available". Watu wakiona jumla ni giga moja na kitu wakati BIOS ni 64 wanashangaa, lakini ndo hivyo nilivyokwambia, sinia liko. Usitafute kwa Task Manager kwa hizi za kizazi cha pili, draiva zake ni za zamani na haionyeshi grafiki hapo.

Wenye prosesa za AMD badala ya Intel, zile za A4 A6 A8, kwenu menyu inaitwa "UMA Frame Buffer Size". Kanuni ni ile ile ila chipu zenu za grafiki kwa kawaida zina nguvu kuliko hizi HD 2000 zetu, kwa hivyo kama una giga 8 na unacheza, 512 sitakuzuia. Kwa giga 4 shuka.

Sasa njoo kwa kitu ambacho kinaleta tofauti ya kweli, na hakiko kwa BIOS. Ni vile vipande vya RAM.

DDR3, ndo aina ya RAM ya mashine hizi, ya kasi ya 1333, kipande kimoja kinapitisha kama giga 10.6 kwa sekunde. Ukiweka viwili kwa sloti zinazofaa vinafanya kazi pamoja, inakuwa 21.3. Mara mbili! Na grafiki ya ndani ndo inanufaika kuliko wote kwa sababu kila nukta inaichota kutoka RAM, njia ikiwa nyembamba inasubiri. Kwa hivyo mashine ya kipande kimoja cha giga 4 na mashine ya vipande viwili vya giga 2, kwa macho ni sawa, duka litakuuzia zote kama "giga 4", lakini kwa gemu si sawa hata kidogo. Ukienda kununua fungua kasha uangalie, ama weka CPU-Z, programu ya kuonyesha vilivyo ndani ya mashine, uende ukurasa wa Memory uone "Channels" imeandika Single ama Dual. Mimi nikiambiwa nichague kati ya kubadilisha 64 kuwa 512 bure, na kununua kipande cha pili cha giga 4 kilichotumika, sihitaji hata kufikiria, toa pesa.

Ukinunua angalia ni cha kompyuta ya mezani, kile kirefu, sio kile kifupi cha laptopu, na iwe DDR3 sio DDR4, haziingiliani hata ukisukuma na goti. Sloti gani uweke, mara nyingi kuna mchoro ndani ya kifuniko cha kasha. Na ikikataa kuwaka baada ya kuweka usikimbilie kurudisha dukani, huku kwetu pwani hewa ya chumvi inaharibu yale meno ya dhahabu, toa kipande, sugua meno taratibu na raba ya penseli, ile nyeupe, pangusa na kitambaa kikavu, rudisha mpaka kile kishikio kilie tak. Nusu ya RAM "zilizokufa" nilizoletewa zilifufuka hivyo.

Na kadi je? Hapo ndo kuna grafiki ya kweli yenye memori yake, na ukiiweka lile swali la 64 ama 512 linakufa kabisa, kwa sababu sinia linabaki la Windows peke yake. Lakini hapo pia kuna kupigwa, na kupigwa kwenyewe ni kwa namba hizo hizo za memori. Mtu anaona kadi imeandikwa 4GB kwa herufi kubwa, GT 730 ya DDR3, anaona amefika. Ukubwa wa memori sio kasi yake. Mfano mzuri ni GT 1030, iko ya aina mbili na jina ni moja, kwa kawaida zote giga 2: ile ya GDDR5, memori ya kasi ya kadi, ilitoka 2017 inapitisha giga 48 kwa sekunde, na ile ya DDR4 ilitoka mwaka uliofuata inapitisha 16.8. Angalia tena hiyo namba ya mwisho, 16.8, ni chini ya RAM yako ya vipande viwili. Boksi zinafanana, soma maandishi madogo, usipoona GDDR5 iache hapo hapo.

Kwa mashine ndogo za kulala, zile nyembamba, pawa saplai mara nyingi ni wati 240 hivi na hakuna waya wa ziada wa kadi, kwa hivyo unatafuta kadi fupi isiyohitaji waya. GT 1030 inakula wati 30, sawa. GTX 750 Ti inakula 60 na ina kasi zaidi, kama giga 86 kwa sekunde, lakini mimi ningeiweka kwa kasha kubwa la kusimama, hewa yetu hii ya Mombasa ya Februari na kasha jembamba na kadi moto, feni italia kama mashine ya kusaga. Na kabla ya kulipa angalia skrini yako inatumia waya gani! Skrini nyingi za mtumba hapa ni VGA, ule wa buluu wa skrubu mbili, na GT 1030 kwa kawaida ina HDMI na DVI-D ama DisplayPort, VGA haina, na kile kibadilishi cha bei rahisi cha DVI kwenda VGA hakifanyi kazi kwa DVI-D. Utahitaji kibadilishi cha HDMI chenye chipu ndani. Nimeona mtu amefika nyumbani Changamwe na kadi yake mpya, amekaa nayo wiki mbili kwa kabati kwa sababu ya waya. Na mwengine aliweka kadi vizuri halafu waya wa skrini akauacha kwa bodi ya zamani, akalalamika hakuna tofauti. Ni kweli hakukuwa na tofauti.

Jambo la mwisho, dogo lakini linasumbua. Umeweka 64 yako vizuri, stima ikapotea usiku, asubuhi mashine inasema saa ni mwaka 2011 na setingi zimerudi za kiwandani. Hiyo ni betri ya bodi, ile bapa kama shilingi, CR2032, imekufa. Zima, chomoa waya wa ukutani, toa, weka mpya ule upande wa alama ya kujumlisha uangalie juu. Bei yake haifiki ya sahani ya biriani. Kwa saiba ya yule mama nilibadilisha zote nne siku ile ile.

Kwa hivyo usiku ule nkamwambia kijana, weka 128, toka, weka akiba, halafu kesho fungua kasha unihesabie vipande. Kilikuwa kimoja. Akaomba babake, babake akaniuliza mimi kama ni kweli ama ni mambo ya gemu tu, nkamwambia kaka, ni ya gemu lakini ni ya kweli. Ijumaa baada ya swala wakaenda town wakanunua kipande cha pili cha giga 4, wakasugua na raba kama nilivyowaambia hata kabla hakijakataa. Jioni akanitumia picha mbili, ya kwanza CPU-Z imeandika Dual, na ya pili ni BIOS, 512.

"Ami, sasa ni giga 8, si inaruhusiwa?"

Nkamwacha.